Namna ya kusoma ripoti ya kipimo cha akili cha mtu mzima

Ripoti ya kipimo cha akili mara nyingi humfikia mtu ambaye tayari amebeba mzigo mwingine. Baba amepata kiharusi na daktari anataka kujua ubongo umeathirika kwa kiasi gani. Dada aligongwa na gari na wakili anadai fidia. Mjomba anayeishi ughaibuni ameanza kupotea katika mtaa aliouzoea. Karatasi zinapofika huwa zimejaa majedwali na vifupisho, na katikati yake ipo nambari moja ambayo jicho huikimbilia kabla ya kusoma neno lolote. Nimeona familia zikikata tamaa kwa sababu ya nambari hiyo, na nimeona nyingine zikijipa matumaini ambayo ripoti haikuyatoa, zote kwa kuwa hakuna aliyezieleza kwamba kila nambari humo ni ulinganisho, na kwamba ulinganisho hausomeki mpaka ujue mtu amelinganishwa na nani. Mwongozo huu unalifuata swali hilo, amelinganishwa na nani, kutoka ukurasa wa kwanza wa ripoti hadi wa mwisho.

Tafuta kwanza jina la toleo

Nitazungumzia kipimo cha David Wechsler, kwa kuwa ndicho kinachotumiwa zaidi kwa watu wazima. Kwenye ripoti huandikwa WAIS, kikifuatiwa na herufi au tarakimu inayoonyesha toleo. WAIS ya kwanza ilitoka mwaka 1955, WAIS-R ikafuata mwaka 1981, WAIS-III mwaka 1997, WAIS-IV mwaka 2008, na WAIS-5 mwaka 2024. Liandike toleo hilo pembeni mwa ukurasa kabla hujaendelea. Kisha tafuta sentensi inayotaja sampuli, yaani kundi la watu waliofanyiwa kipimo kwanza ili alama zao ziwe kigezo cha kuwapimia wengine. Kwa WAIS-IV kundi hilo lilikuwa la watu 2,200 wa Marekani, wenye umri kuanzia miaka 16 hadi 90, waliochaguliwa ili wafanane na idadi ya watu wa nchi hiyo kwa umri, jinsia, asili, elimu na eneo wanaloishi.

Umri wa sampuli una uzito wake. Katika miaka ya 1980 James Flynn, msomi aliyefundisha New Zealand, alionyesha kwamba Wamarekani walikuwa wakipata alama kubwa zaidi kizazi baada ya kizazi, takriban alama 3 kila miaka 10, na kwamba jambo hilo lilitokea katika nchi nyingine nyingi pia. Kwa hiyo mtu anayepimwa leo kwa toleo la zamani analinganishwa na watu wa zamani, ambao kwa kipimo hicho walikuwa dhaifu kidogo, na alama yake inapanda bila yeye kuwa na uwezo wowote wa ziada. Sampuli yenye umri wa miaka 20 inaweza kumzidishia mtu alama 5 au 6. Kupanda huku kumeonekana hata kwetu: watoto wa shule wa Embu, nchini Kenya, waliopimwa mwaka 1998 walipata alama kubwa kuliko wale waliopimwa mwaka 1984 katika eneo lilelile, na watafiti walilihusisha jambo hilo na lishe bora, afya, na wazazi waliokuwa wamesoma zaidi. Kama toleo lililotumika lilikuwa limekwisha kurithiwa na jipya miaka mingi kabla ya tarehe ya kipimo, una haki ya kuuliza sababu.

Mia moja ilikotoka

Nambari kuu ya ripoti huitwa IQ. Watu wengi huisoma IQ ya 90 kama alama 90 kwa mia ya mtihani wa shule, wakafurahi. Kosa hili linaeleweka, kwa sababu sote tumelelewa na mitihani inayohesabiwa kwa mia. Ili kuliondoa, inafaa kujua jinsi nambari 100 ilivyoingia humu.

Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada maalumu darasani. Katika toleo la mwaka 1908 maswali yalipangwa kwa umri: haya hujibiwa na watoto wengi wa miaka 6, haya na wa miaka 8, na kuendelea. Baadaye William Stern, Mjerumani, alipendekeza umri wa kiakili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, na Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika toleo lake la Kimarekani la mwaka 1916, akazidisha jibu kwa 100. Mtoto wa miaka 8 aliyejibu maswali ya miaka 10 alipata 10 kugawanya kwa 8 mara 100, yaani 125. Kwa mtoto hesabu hii ina maana. Kwa mtu mzima inavunjika kabisa, maana hakuna maswali ambayo watu wa miaka 50 huyajibu na wa miaka 40 wakashindwa. Uwezo wa kujibu hauongezeki kila mwaka kama urefu wa mtoto, lakini umri unaogawanya unaendelea kukua, na hivyo kila mtu angeonekana kuwa mjinga zaidi kila anaposherehekea siku yake ya kuzaliwa.

Majaribio makubwa ya kwanza ya watu wazima yalifanywa na jeshi la Marekani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Chini ya Robert Yerkes, takriban wanaume milioni 1.7 walipimwa kwa mitihani miwili: Alpha kwa waliojua kusoma Kiingereza, na Beta kwa wasiojua. Beta ilitumia picha zenye sehemu iliyokosekana, kama uwanja wa tenisi usio na wavu au balbu isiyo na waya wa ndani, na mkulima aliyetoka kijiji cha Sicilia alitakiwa aone kasoro katika vitu ambavyo pengine hakuwahi kuviona. Alama zao za chini zilitumiwa kudai kwamba baadhi ya mataifa yana akili duni. Carl Brigham, aliyeandika kitabu chenye madai hayo mwaka 1923, aliyakana mwenyewe mwaka 1930. Ninalitaja hili kwa sababu kosa lenyewe, la kupima mazoea kisha kuyaita akili, linaweza kurudiwa hata leo katika chumba kidogo cha kliniki chenye mtahini mmoja na mzee mmoja.

Wechsler, aliyezaliwa Romania mwaka 1896 na kupelekwa Marekani akiwa mtoto, alikuwa miongoni mwa waliosahihisha mitihani hiyo ya jeshi. Aliona kwamba walikuwamo wanaume waliofanya kazi zao na kutunza familia zao vizuri kabla ya vita, ilhali mtihani uliwaonyesha kuwa hawafai. Mwaka 1932 akawa mkuu wa wanasaikolojia katika hospitali ya Bellevue, New York, ambako wagonjwa wake walikuwa watu wazima wa kila lugha na kila hali, na mwaka 1939 akatoa kipimo kilichoitwa Wechsler-Bellevue. Humo aliachana na umri wa kiakili. Kila mtu alilinganishwa na wenzake wa umri uleule, na wastani wa kila rika ukapewa nambari 100. Hata hivyo wenzake hao walikuwa Wazungu wa New York na viunga vyake. Ni WAIS ya mwaka 1955, yenye sampuli ya watu 1,700 wa miaka 16 hadi 64, iliyopanua kundi hilo likafanana zaidi na nchi nzima.

Kwa hiyo IQ ya 100 ni wastani wa watu wa umri wako katika sampuli. Umbali kutoka wastani huo hupimwa kwa hatua za alama 15, ambazo wanatakwimu huziita mchepuko sanifu. Watu kama 68 katika kila 100 huangukia kati ya 85 na 115, na kama 95 kati ya 70 na 130. Nusu ya watu wote wako kati ya 90 na 109, eneo ambalo ripoti za WAIS-IV huliita la wastani. Pembeni mwa alama utaona pia pesentaili. Pesentaili ya 25 maana yake ni kwamba kati ya watu 100 wa rika lake, mtu huyu analingana na 25 au anawapita. Haina uhusiano wowote na kupata 25 kwa mia na kufeli.

Shuka kutoka nambari kuu hadi fahirisi

Sasa iache nambari kuu na utafute fahirisi, yaani alama za makundi ya vipimo vidogo vinavyoijenga nambari hiyo. Wechsler aliamini kwamba akili ni uwezo wa jumla wa mtu kutenda kwa makusudi, kufikiri kwa busara na kuyamudu mazingira yake, na kwa sababu hiyo hakutaka kuitafuta katika aina moja tu ya swali. Kipimo chake tangu mwanzo kilikuwa mkusanyiko wa vipimo vidogo, kimoja kikiuliza maana ya maneno, kingine kikimtaka mtu apange vipande, kingine kikitaka kasi. Zamani vipimo hivyo viligawanywa katika makundi mawili, ya maneno na ya vitendo, na kila kundi likawa na IQ yake. WAIS-III iliongeza fahirisi nne juu ya IQ hizo mbili, na WAIS-IV ikaziondoa hizo mbili na kubaki na fahirisi nne. WAIS-5 ina tano, baada ya fahirisi ya kufikiri kwa kuona kugawanywa kati ya utambuzi wa maumbo na nafasi kwa upande mmoja, na utatuzi wa matatizo mapya kwa upande wa pili.

Fahirisi nne za WAIS-IV ni hizi. Ufahamu wa maneno, VCI, hupatikana kwa maswali ya kufananisha vitu, msamiati na maarifa ya jumla. Kufikiri kwa kuona, PRI, hupatikana kwa kupanga vipande vya mchemraba vya rangi nyekundu na nyeupe viige picha, kukamilisha ruwaza iliyoachwa pengo, na kutambua vipande vitatu vinavyounda umbo fulani. Kumbukumbu tendaji, WMI, hupimwa kwa kurudia tarakimu na kufanya hesabu kichwani. Kasi ya kuchakata, PSI, hupimwa kwa kazi mbili za penseli, kila moja ikiwa na sekunde 120. Vipimo vidogo vya msingi ni 10, na kila kimoja hupewa alama kutoka 1 hadi 19, wastani wake ukiwa 10.

Tuchukue ripoti ya mfano. Mtu huyu nimemtunga, lakini nambari zake ni za aina utakayokutana nayo. Ni dereva wa lori wa miaka 52, aliyepata kiharusi miezi minane iliyopita. IQ ya jumla ni 90. Anayesoma nambari hiyo peke yake atasema mzee yuko sawa, yuko ndani ya wastani, na kampuni ya bima inaweza kusema hivyohivyo. Tazama sasa fahirisi: VCI 108, PRI 94, WMI 83, PSI 74. Pesentaili zake ni 70, 34, 13 na 4. Kwa maneno anawapita watu wengi wa rika lake. Kwa kasi, watu 96 kati ya 100 wako sawa naye au mbele yake. Hiyo 90 imechanganya vitu viwili visivyochanganyika, kama mtu aliyeweka mguu mmoja kwenye maji ya moto na mwingine kwenye barafu, ukasema kwa wastani yuko kwenye maji ya uvuguvugu.

Kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi ni kwamba tofauti kati ya fahirisi ya juu kabisa na ya chini kabisa ikifika alama 23, IQ ya jumla isitumiwe kama maelezo ya mtu huyo. Hapa tofauti ni 34. Katika hali hiyo mwandishi wa ripoti anaweza kutoa nambari nyingine iitwayo GAI, inayotokana na VCI na PRI pekee, ambayo kwa dereva wetu ingekuwa kama 102. GAI inasaidia kukisia alikuwa na uwezo gani wa kufikiri kabla ya kiharusi, kwa sababu msamiati na maarifa huelekea kudumu pale kasi inapodhoofika, iwe kwa uzee au kwa jeraha la ubongo. Lakini isitumiwe kuificha PSI. Anayerudi kuendesha lori lenye tela kwenye barabara kuu anaihitaji kasi hiyo kuliko msamiati.

Usiishie kwenye fahirisi. Shuka hadi vipimo vidogo. PSI ya 74 imetokana na kipimo kimoja kinachotaka mtu aandike alama ndogo chini ya kila tarakimu, ambako alipata 4, na kingine kinachotaka atafute umbo kwenye mstari na kulikata kwa penseli, ambako alipata 6. Kama kiharusi kilimpiga upande wa kulia na mkono anaoandikia umelegea, sehemu ya udhaifu huo ni ya mkono. Ripoti nzuri italisema hili waziwazi. Kama haisemi, uliza.

Lugha iliyotumika mezani

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji wa Kiswahili akae zaidi, kwa sababu vitu vingi vinavyoonekana kuwa udhaifu wa ubongo ni vya tafsiri. Tafuta kwenye ripoti jibu la maswali haya: kipimo kilifanywa kwa lugha gani, nani alitafsiri, na tafsiri hiyo ilijaribiwa kwa nani kabla ya kuletwa mezani. Binamu aliyeombwa kukalimani asubuhi hiyo hawezi kuihamisha WAIS katika Kiswahili, hata awe na nia njema kiasi gani, kwa kuwa ugumu wa neno haufuati neno linapovuka lugha. Neno ambalo Mwingereza hulijua akiwa na miaka 6 linaweza kuwa na kisawe cha Kiswahili kinachojulikana na wasomi tu, na kinyume chake pia.

Chukua maswali ya kufananisha. Maswali halisi ni siri ya kipimo na hayapaswi kusambazwa, kwa hiyo nitatunga langu. Mtahini anauliza, "Mzee wangu, embe na papai yanafanana vipi?" Mzee anafikiri kidogo na kujibu, "Yote huiva, mwanangu, na yakiiva usiyaache juani." Jibu hilo ni la mtu aliyeishi na matunda hayo, lina ukweli na lina hekima ya sokoni. Kwa utaratibu wa kusahihisha, lingepata alama 1 au hata 0. Alama 2 hupewa anayesema, "Yote ni matunda," yaani anayetaja jamii ya vitu hivyo. Kupanga vitu kwa jamii ni mazoea ambayo shule huyafundisha kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 Joseph Glick alisimulia jinsi wakulima wa Kpelle wa Liberia walivyoombwa kupanga vitu, wakaweka kisu pamoja na chungwa kwa sababu kisu hukata chungwa, wakaeleza kwamba hivyo ndivyo mwenye busara angefanya. Alipowauliza mjinga angepangaje, wakapanga vyakula huku na vifaa kule, bila kosa. Uwezo ulikuwapo muda wote. Swali tu ndilo lilikuwa halijawaeleza lilitaka nini.

Kipimo cha tarakimu kinaonekana hakina utamaduni wowote ndani yake, maana tarakimu ni tarakimu. Kisome kwa sauti uone. Mtahini hutamka tarakimu moja kila sekunde na mtahiniwa anazirudia: kwanza kama zilivyo, kisha kutoka nyuma, kisha, tangu WAIS-IV, kuanzia ndogo hadi kubwa. "Sita, mbili, tisa" hugeuka "tisa, mbili, sita." Sasa hesabu silabi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa: kila moja ina silabi mbili, hata nne, ambayo n yake ya mwanzo husimama peke yake. Kwa Kiingereza, kutoka moja hadi tisa, ni saba tu yenye silabi mbili. Mwaka 1980 watafiti wa Wales walionyesha kwamba watu wanaojua Kiwelisi na Kiingereza walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi, kwa sababu majina ya tarakimu katika lugha hiyo huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa, na walipozuiwa wasizirudie kimoyomoyo tofauti hiyo ikatoweka. Kinachokumbukwa ni kile unachoweza kukirudia ndani ya muda mfupi kabla hakijafifia. Kwa hiyo mtu anayerudia tarakimu kwa Kiswahili, kisha idadi yake ikatafutwa kwenye jedwali la Wamarekani waliozirudia kwa Kiingereza, anaweza kupoteza alama kwa sababu isiyohusu kumbukumbu yake. Nikiona WMI ya chini kwa mtu aliyepimwa hivyo, huangalia kwanza kama hesabu za kichwani nazo ziko chini, na huuliza familia jinsi anavyoshika maagizo ya nyumbani, kabla ya kuamini kwamba kumbukumbu imeharibika.

Wapo wanaodhani kwamba vipimo vya picha vimelimaliza tatizo. Ruwaza za John Raven, zilizotoka mwaka 1938, zilikusudiwa kupunguza mzigo wa lugha, na kwa hilo zinasaidia. Lakini kusoma picha bapa yenye mistari na kutafuta kanuni yake ni mazoea pia, na kupanda kule kwa alama za watoto wa Embu kulionekana hasa katika ruwaza hizo. Ukimpa mzee aliyesoma hadi darasa la nne vipande vya mchemraba vyekundu na vyeupe, kisha ukabonyeza saa, utamwona akivigeuza kimoja kimoja kwa uangalifu, akihakikisha kila upande, kama fundi asiyetaka kurudia kazi. Atalifikia umbo sahihi, lakini baada ya muda kwisha, na alama hakuna. Mwulize aliyempima kama aliandika pembeni matokeo ya kazi zilizokamilika nje ya muda. Wapimaji makini huandika.

Akili yenyewe, jinsi watu wanavyoielewa, si kitu kimoja kila mahali. Watafiti waliofanya kazi Usenge, karibu na Ziwa Victoria, walikuta kwamba Waluo wana maneno manne, rieko, luoro, paro na winjo, na ni rieko tu linalokaribia kile ambacho vipimo vya shule hukitafuta. Mengine yanagusa heshima, kuanzisha jambo na kuelewa jinsi ya kukabili matatizo ya maisha. Katika eneo hilohilo, watoto waliojua zaidi dawa za mitishamba walielekea kupata alama za chini katika vipimo vya msamiati. Hao walikuwa watoto, lakini ndio wazee wa kesho watakaokaa mbele ya mtahini.

Kiasi cha kosa

Hakuna kipimo kisicho na kosa, na WAIS hulitaja lake. Pembeni mwa kila alama utakuta masafa ya nambari mbili, yaani eneo ambamo alama ya kweli ya mtu huenda imo: kwa IQ ya 90 ya WAIS-IV, huandikwa 86 hadi 94, kwa uhakika wa asilimia 95. Unapomweleza mtu mwingine matokeo, taja masafa hayo. Fahirisi, hasa ya kasi, zina masafa mapana zaidi kwa kuwa zimejengwa kwa vipimo vichache, viwili au vitatu tu.

Uzito wa masafa haya ulionekana mahakamani. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2002 kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili hawezi kuuawa kwa hukumu ya kifo. Jimbo la Florida likaweka mpaka: aliyepata IQ ya 71 au zaidi hakuruhusiwa hata kuleta ushahidi mwingine. Freddie Lee Hall, aliyehukumiwa kifo huko, alikuwa na 71. Mwaka 2014, katika kesi ya Hall dhidi ya Florida, mahakama hiyo ilikataa mpaka huo kwa kura 5 dhidi ya 4, kwa hoja kwamba alama ni masafa, na kwamba ulemavu wa akili ni hali ya mtu, si nambari. Utambuzi wa ulemavu huo hudai pia ushahidi wa jinsi mtu anavyojimudu katika maisha ya kila siku, na kwamba tatizo lilianza utotoni. Ripoti inayomwita mtu mzima mlemavu wa akili kwa IQ peke yake haijakamilika.

Kabla hujaikubali au kuikataa

Omba kikao cha kuelezwa matokeo, na uende na mtu anayemjua mpimwa tangu zamani. Uliza kama alikuwa amevaa miwani yake na kifaa chake cha kusikia, alikuwa anatumia dawa gani, alilalaje usiku wa kuamkia siku hiyo, na kazi ilichukua muda gani. WAIS-IV huchukua kama saa moja hadi saa moja na nusu, na mtu aliyetoka hospitali anaweza kuchoka kabla ya nusu. Mweleze mwanasaikolojia elimu ya ndugu yako, lugha aliyokua nayo utotoni na ile aliyofanyia kazi, na kazi alizozimudu. Kama sampuli haikuwa ya watu wa mazingira yake, ombi la busara ni kwamba ripoti iseme hivyo kwa maandishi, na alama za maneno zisitumiwe kuamua kiwango chake.

Ukitaka arudiwe kupimwa, usiharakishe. Mtu akirudia kipimo kilekile baada ya wiki chache, alama hupanda kidogo kwa mazoea, hasa katika kazi za kuona na za kasi, na kupanda huko kunaweza kudhaniwa kuwa ni kupona. Ni afadhali kungoja mwaka hivi, kisha kulinganisha fahirisi kwa fahirisi, kwa toleo lilelile, lugha ileile na mazingira yaleyale. Kwa sababu hiyo ihifadhi ripoti ya kwanza nzima, pamoja na jedwali la vipimo vidogo, wala usikubali kupewa muhtasari wenye IQ ya jumla pekee. Atakayempima dereva wetu mwaka ujao atahitaji ile 4 na ile 6 ili ajue kama mkono umepata nguvu au kasi imerudi.